Sanduku la Hati na Noti za Wazee: Mwongozo Kamili wa Kulifungua, Kuliorodhesha na Kulifikisha Maktaba

Kosa langu kubwa katika kazi hii nililifanya kwa furaha. Jamaa fulani waliniita niangalie vitabu vya marehemu babu yao, nikachukua kimoja cha fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, kilichoandikwa kwa mkono, nikakifungua katikati kama mtu afunguaye gazeti. Ikadondoka noti ya rupia kumi ya Zanzibar. Nikaiokota, ikazunguka chumba kizima mkono kwa mkono, watoto wakaipiga picha. Ulipofika wakati wa kuirudisha, hakuna aliyejua ilitoka ukurasa gani.

Unaweza kusema si kitu, noti ni noti. Lakini kitabu cha fiqhi kina mlango wa zaka, mlango wa deni, mlango wa mirathi na mlango wa mahari. Pesa aliyoiweka mtu kwenye mlango mmojawapo inasema jambo, na pesa ileile ikiwa imelala peke yake ndani ya bahasha haisemi chochote zaidi ya thamani yake. Ndiyo maana mwongozo huu umejaa maelekezo ya kuandika kitu kilipokaa kabla ya kukigusa. Nimeuandika kwa ajili ya yeyote mwenye sanduku, kasha au mfuko wa rambo uliojaa karatasi za herufi za Kiarabu na pesa za zamani, awe Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja, Pemba, Ujiji au Maskati.

Hatua ya 1: Kaeni kikao kabla ya kufungua

Sanduku la marehemu ni mali ya warithi wote, hata kama limekaa chumbani kwa mmoja. Waiteni, wakiwemo mashangazi walioolewa mbali, maana mara nyingi wao ndio wanaokumbuka nani aliandika nini. Kubalianeni mambo matatu: nani atashika, nani ataandika, na kipi hakitapigwa picha. Hilo la tatu lisipuuzwe. Ndani ya masanduku haya hutoka talaka, madeni, hati za mashamba ya mikarafuu na minazi zinazoweza kuamsha kesi, karatasi za zama za utumwa zenye majina ya watu ambao wajukuu wao ni majirani zenu, na vitabu vya falaki (elimu ya nyota) na hirizi ambavyo wengine hawataki vionwe. Kutovionyesha ni haki ya familia. Kuvichoma usiku kwa siri ni jambo jingine, na nitalirudia.

Andaeni meza pana, safi na kavu, mtandike shuka nyeupe ili kipande kikidondoka kionekane. Chai na kahawa zibaki sebuleni. Feni izimwe, najua joto letu, lakini feni moja inaweza kuchanganya kurasa mia kwa sekunde tano. Wengi hupenda kutia udhu kwanza kwa sababu ya misahafu, na ni vizuri, ila mikono ikaushwe kabisa. Kwa karatasi, mikono mikavu isiyo na mafuta ni bora kuliko glovu za kitambaa, kwa kuwa glovu huzinyima ncha za vidole hisia na kukufanya uchane ukingo wa karatasi bila kujua. Glovu za mpira mwembamba ziwekee picha za zamani na sarafu.

Piga picha ya sanduku likiwa limefungwa. Lifungue, piga nyingine kabla hujagusa kitu.

Hatua ya 2: Toa tabaka kwa tabaka

Chukua daftari na penseli. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo. Kata vijikaratasi vyeupe, viandike 1, 2, 3 na kuendelea. Kila kitu unachokitoa kinapewa namba na mstari mmoja daftarini: namba, ni nini kwa macho tu, kilikuwa juu au chini, kilifungwa na nini. Barua zilizofungwa pamoja kwa uzi zibaki pamoja. Aliyezifunga alikuwa na sababu yake.

Ukikifikia kitabu, kilaze juu ya mito miwili au juu ya marufaa (kibao cha kusomea msahafu), kifungue taratibu, kisipite pembe ya mraba ikiwa uti wake ni mkavu. Vitabu vingi vya mtindo wa Kiislamu vina kipande cha jalada kinachokunjwa kufunika ukingo wa kurasa. Hicho ndicho hukatika kwanza, na watu hukitupa wakidhani ni kiraka. Kihifadhi.

Ukikuta kitu katikati ya kurasa, iwe noti, risiti, jani kavu, unyoya au karatasi ya dawa, usikitoe. Pachika kijikaratasi, hesabu ni ukurasa wa ngapi, andika, piga picha kikiwa mahali pake, kisha ndipo ukitoe. Angalia pia kama kimeacha kivuli cha kahawia kwenye karatasi. Kitu kilicholala miaka mingi mahali pamoja huacha alama yake. Kitu kisicho na kivuli huenda kilihamishwa juzi tu.

Hatua ya 3: Wagonjwa kwanza

Kabla hujasoma neno, tenga vinavyooza na vinavyoliwa. Ukungu ulio hai ni laini, una unyevu na harufu kali. Uliolala ni mkavu kama vumbi. Kwa aina zote mbili, vaa barakoa. Kitabu chenye ukungu hai kiweke peke yake penye hewa inayopita na kivuli, si juani, hadi kikauke. Kisha kifutwe kwa brashi laini, nje ya nyumba, brashi ikitoka kwenye uti kwenda ukingoni. Hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 65 kwa muda mrefu inauamsha tena, na pwani yetu tunaupita mpaka huo kwa miezi mingi. Ndiyo maana dawa ya kweli ya ukungu ni hewa inayotembea.

Mashimo madogo ya duara yenye unga mpya mweupe yanaonyesha kuna wadudu bado wanakula. Usipulize dawa ya mende. Inatia doa na inabaki kwenye karatasi, na watakaokishika kitabu ni wajukuu zako. Njia inayotumiwa na maktaba nyingi ni baridi: kitabu kikavu hufungwa vizuri ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hewa ikatolewa, kikakaa kwenye friza yenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitolewa, mfuko haufunguliwi mpaka siku nzima ipite, la sivyo unyevu utatua kwenye karatasi. Friza iliyojaa samaki, inayofunguliwa kila saa, haifai. Mchwa ni habari nyingine: hao wanatoka kwenye ukuta au sakafu, kwa hiyo hamisha sanduku kwanza.

Selotepu, nakuomba, isahau. Gundi yake hugeuka manjano, huingia ndani ya nyuzi za karatasi na haitoki tena bila fundi. Kurasa zilizokatika ziweke tu pamoja ndani ya karatasi safi iliyokunjwa.

Hatua ya 4: Kitambue kitabu

Hapa ndipo utamu ulipo, na hakuna haja ya kuwa sheikh wala profesa.

Swali la kwanza ni kama kitabu kimeandikwa kwa mkono kweli. Vitabu vingi vilivyokuja pwani kutoka Bombay na Cairo katika karne ya 19 vilichapwa kwa jiwe: mwandishi aliandika kwa mkono, kisha mwandiko wake ukachapwa mamia ya nakala. Vinafanana mno na khati, yaani mwandiko wa mkono. Tazama wino kwa karibu. Mtu anayeandika kwa kalamu ya mwanzi huchovya, huandika maneno kadhaa, wino unafifia, anachovya tena, kwa hiyo utaona weusi unaopanda na kushuka kwenye mstari. Chapa ya jiwe ni nyeusi sawasawa mwanzo hadi mwisho. Tafuta pia kwenye ukurasa wa kwanza au wa mwisho neno lenye herufi ط ب ع, yaani *tw-b-‘*, kama *matbaa* au *tubia*: hilo linataja uchapaji. Hata Unguja palikuwa na mtambo, aliouleta Sultani Barghash, na kuanzia karibu na 1880 vitabu vya Kiibadhi, madhehebu ya masultani wenyewe, vilichapwa pale. Kitabu cha matbaa hiyo kikiwa kwenye sanduku lako, usikidharau kwa kuwa si khati.

Swali la pili ni lugha. Herufi za Kiarabu si lazima ziwe Kiarabu. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo kwa karne nyingi. Nakala ya Utendi wa Tambuka, yenye tarehe ya mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728, iko Hamburg, Ujerumani. Kidokezo cha haraka: maandishi ya Kiarabu ya kawaida, ukiacha Qurani, mara nyingi hayana irabu. Ukikuta ukurasa usio wa Qurani ambao kila herufi ina irabu yake, na mistari imegawanyika vipande vifupi vyenye kina kimoja mwishoni, huenda mkononi mwako una utenzi.

Kuusoma ni kazi kidogo, maana Kiarabu hakina *p*, *v* wala *ch*, na irabu zake tatu zinabeba tano zetu. *Ba* moja hubeba *b*, *p* na hata *mb*. *Fa* hubeba *f* na *v*. Kasra ni *i* au *e*. Dhuma ni *u* au *o*. Ukisoma neno likatoka “bibu” na halina maana, jaribu “pepo”. Soma kwa sauti mbele ya mtu mzima anayejua tenzi. Sikio lake litalitambua neno kabla ya jicho lako.

Barua ni rahisi zaidi kuliko zinavyoonekana. Huanza kwa salamu ndefu za Kiarabu, *ila janabi* fulani, mheshimiwa, mpenzi, na sifa nyingi. Zipite. Tafuta *wa baadu* au *ama baadu*. Baada ya hapo ndipo shida yenyewe inapoanza, na katika barua nyingi hapohapo ndipo Kiswahili kinaposhika. Mwishoni tafuta *katabahu*, “ameiandika”, na jina.

Katika kitabu, jina na tarehe hukaa ukurasa wa mwisho, mara nyingi maandishi yakipungua upana mstari hadi mstari mpaka yawe kama pembetatu iliyosimama kwa ncha. Anza na neno *tamma* au *tammat*, “imekamilika”. Mwandishi hujiita *al-faqir*, “fakiri wa Mungu”, kisha jina lake, na akipenda jina la aliyeandikiwa. Hapo au mwanzoni angalia pia neno *waqf*. Kitabu kilichowekwa wakfu kwa msikiti au kwa wanafunzi hakiuzwi, na ni heri mjue mapema kabla hajatokea mnunuzi.

Tarehe ina mtego mmoja unaowanasa wengi: ٥ ni tano, na ٠, hiyo nukta, ndiyo sifuri. Ukizichanganya umekosea karne. Ukishapata mwaka wa Hijria, ugawe kwa 33, toa jibu kwenye mwaka huo, jumlisha 622. Mwaka 1297: ukigawa kwa 33 unapata 39, ukitoa inabaki 1258, ukijumlisha 622 unapata 1880. Inaweza kuteleza mwaka mmoja huku au kule, kwa hiyo ukiwa na mwezi na siku tumia kikokotoo. Na kumbuka siku ya waandishi hawa huanza magharibi, kama inavyoanza yetu. “Usiku wa kumi” ni usiku wa kuamkia kumi.

Kitabu kisicho na tarehe kina karatasi. Inua ukurasa mmoja mbele ya dirisha, mwanga upite. Ukiona hilali tatu zilizopangana kutoka kubwa hadi ndogo, mara nyingi hiyo ni karatasi ya Italia, ya mtindo wa Venezia, iliyotengenezwa kwa ajili ya masoko ya nchi za Waislamu. Chora alama uliyoiona, pima kwa rula. Karatasi yenye mistari ya bluu ya daftari la shule ni ya baadaye sana, hata kama maneno yaliyonakiliwa juu yake ni ya kale.

Mwisho, kagua mpangilio wa kurasa. Chini kushoto ya ukurasa wa kulia utaona neno moja limening’inia peke yake. Hilo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Lisipolingana, ama karatasi imepotea ama kuna aliyezipanga upya vibaya. Andika tu daftarini, usizipange wewe.

Hatua ya 5: Noti

Anza kwa kuuliza nani aliitoa, maana pesa zilizopita pwani zina mabwana wengi.

Noti za Serikali ya Zanzibar zilianza na tarehe ya 1908, za rupia 5, 10, 20, 50 na 100; ya rupia 1 ilifuata 1920. Zilichapwa na Waterlow & Sons wa London, zina picha ya jahazi na ya uchumaji wa karafuu, na Kiarabu kikiwa pamoja na Kiingereza. Tarehe 1 Januari 1936 shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi ya rupia hiyo, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Kwa hiyo mwenye rupia kumi iliyobaki kitabuni aliacha shilingi kumi na tano zimpite. Alisahau? Alifariki? Aliificha mtu asiione? Swali hilo linafaa kuandikwa daftarini, hata bila jibu.

Noti za Wajerumani zina jina Deutsch-Ostafrikanische Bank na zilianza 1905. Nzuri zake zina picha za wanyama na za mfalme wao, lakini zinazonivutia mimi ni zile mbaya. Vita vya Kwanza vilipofunga bahari, wakaanza kuchapa noti za muda humuhumu nchini mwaka 1915, kisha hali ilipozidi wakagonga noti za porini kwa herufi za mihuri, juu ya karatasi ya aina yoyote iliyopatikana. Ukikuta kikaratasi chakavu chenye neno *Rupie* na sahihi mbili za mkono, usidhani ni tiketi ya gari moshi.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, ikatoa florini mwaka 1920 na shilingi kuanzia 1921. Noti zake zina kichwa cha mfalme wa Uingereza na baadaye cha malkia, na thamani imeandikwa kwa Kiarabu na Kigujarati pia, kwa kuwa waliozishika madukani walikuwa wasomaji wa herufi hizo. Hizi ndizo zinazotoka kwa wingi masandukuni, zikafuatiwa na za benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda kuanzia 1966.

Kwa kila noti andika: mtoaji, thamani, tarehe iliyochapwa, namba ya mfululizo yote na herufi zake, sahihi, vipimo kwa milimita, mikunjo, matundu ya pini, maandishi ya mkono. Haya ya mwisho watu huyaona uchafu. Mtu aliyeandika jina au hesabu pembeni ya noti amekuachia barua fupi. Tarehe iliyochapwa nayo isikudanganye, kwa sababu noti yenye tarehe fulani ilizunguka sokoni miaka mingi. Inakueleza tu kwamba haikuwekwa kitabuni *kabla* ya hapo. Kitabu kilichonakiliwa 1297, kikiwa na noti ya 1908 ndani, kinakuambia bado kilikuwa kinafunguliwa miaka 28 baadaye.

Usiifue, usiipige pasi, usiilamineti. Mtu aliyezoea pesa za kale ataigundua noti iliyofuliwa kwa kuigusa tu, na bei inaporomoka. Iweke kwenye kifuko cha plastiki ya poliesta. Kile cha plastiki laini chenye harufu ya pazia jipya la bafuni ni PVC, na kinatoa kemikali zinazoharibu. Pia jihadhari na nakala za kuuzia watalii. Kwa kioo cha kukuzia, noti ya kuchongwa, yaani iliyochapwa kwa bamba lililochongwa, ina mistari iliyo safi, na wino wake unahisika kwa kidole. Nakala ya printa ni vidoti vya rangi.

Bei? Siitaji kwa mtu yeyote nisiyeiona noti yake, na anayekutajia kwa simu kabla hajaiona, mwogope.

Hatua ya 6: Picha

Simu inatosha. Ukurasa wa ukubwa wa A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unahitaji takriban megapikseli 9, na simu nyingi za leo zinapita hapo. Kinachoshinda ni mwanga na mkono. Kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, egemeza simu juu ya kitu kisichotikisika ili ikabili ukurasa sawasawa. Weka rula pembeni katika kila picha. Piga kila kitu kwa mfuatano: jalada, ndani ya jalada, kurasa tupu, kila ukurasa, jalada la nyuma. Kurasa tupu ndizo zenye siri. Kule ndiko watu walikoandika kuzaliwa kwa watoto, mvua kubwa na madeni.

Faili zipe majina yanayofuata namba ya daftari: 014-001, 014-002. “IMG” na tarakimu kumi hakutakusaidia mwakani. Usizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida, maana inazibana; tuma kama nyaraka. Nakala ziwe tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Hata wakubwa hupatwa: Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa kimtandao, na kwa miezi mingi wasomaji hawakuweza kufungua picha za hati zake.

Hatua ya 7: Makazi

Sanduku la bati juu ya kabati ni tanuri, na chini ya kitanda ni kisima. Liwe kwenye rafu, sentimita kumi au zaidi kutoka ukutani na sakafuni. Kitabu kifungwe kwa marikani isiyotiwa rangi, iliyofuliwa mara kadhaa mpaka uwanga wote utoke, kwa sababu mende wanaupenda uwanga. Kamba ziwe utepe wa pamba, si raba. Karatasi za katikati ziwe zisizo na asidi ukizipata; gazeti haliruhusiwi kabisa. Fungua na kagua kila mwezi, na wakati wa masika kila wiki. Sanduku linalofunguliwa mara kwa mara na mtu makini linadumu kuliko lililofungwa kwa kufuli na mapenzi.

Hatua ya 8: Kwenda maktaba, au kutokwenda

Kwanza tazama walichonacho wengine, ili ujue ulichonacho. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kupitia mradi wa nyaraka zilizo hatarini wa Maktaba ya Uingereza, kwa namba EAP466, na vitabu vyenyewe vimebaki Lamu. SOAS, chuo kikuu kilichoko London, wana tenzi na barua nyingi za Kiswahili. Kwa mambo ya Oman na Ghuba, Maktaba ya Kidijitali ya Qatar ina kurasa nyingi mno, bure. Nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hati za Kiswahili na Kiarabu ambazo mtaalamu wa Kiswahili J. W. T. Allen na wenzake walizikusanya pwani miaka ya 1960, na Zanzibar kuna Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu pale Kilimani. Linganisha mwandiko, karatasi, maneno ya mwisho. Huenda mwandishi wa kitabu chako ana kitabu kingine huko.

Kisha chagueni, nyote warithi, moja kati ya njia nne. Hiba: mnatoa, kinakuwa mali ya taasisi. Amana: kinatunzwa kule, mwenyewe ni ninyi. Wakfu: kina masharti ya milele, kwa hiyo mshirikisheni kadhi. Au picha tu: taasisi inapata nakala, kitabu kinarudi nyumbani. Mimi huwaambia watu waanze na hii ya mwisho, wawaone watu wa maktaba wanavyoshika karatasi, ndipo waamue zaidi. Vyovyote iwavyo, pawe na maandishi yenye orodha yenu yenye namba zenu, na yaseme nani anaruhusiwa kuchapisha picha, na kipi kifungwe kwa miaka mingapi. Asichukue mtu kitu “kwenda kukiangalia” bila kusaini, hata akiwa mwanafamilia mwenye digrii. Hasa huyo.

Kabla ya kuvusha kitu mpakani, hata kwa kumpelekea binamu Maskati au Toronto, ulizeni ofisi ya nyaraka au ya mambo ya kale ya nchi yenu. Kenya, Tanzania bara na Zanzibar kila moja ina sheria zake kuhusu kupeleka vitu vya kihistoria nje ya nchi, na uwanja wa ndege si mahali pa kuzisoma kwa mara ya kwanza.

Na lile la kuchoma. Desturi ya kuizika misahafu iliyochakaa, kuizamisha baharini au kuichoma ili isikanyagwe ni heshima, sina neno nayo. Ila baraza la msikiti likikusanya vitabu vikuukuu kwa ajili hiyo, omba upewe siku mbili na simu yako. Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu yenye mapambo ya rangi nyekundu, nyeusi na njano katika karne za 18 na 19, na baadhi yake leo inatazamwa kwenye makumbusho ya ng’ambo. Mfuko wa karatasi chakavu unaweza kuwa na jani moja la msahafu kama huo.

Ile noti ya rupia kumi niliirudia. Nilikigeuza kitabu ukurasa mmoja mmoja, nikatafuta kivuli cha kahawia chenye vipimo vyake, nikakuta viwili: kimoja kwenye mlango wa deni, kimoja kwenye mlango wa mirathi. Daftarini, namba 23, nimeandika: “Noti, rupia 10, Serikali ya Zanzibar. Ilikuwa ndani ya namba 22. Ama ukurasa wa 41, ama wa 87. Imetolewa bila kuandikwa.” Na jina langu mbele yake.